Chanja Iliyolala

Arusha, alasiri, siku moja kabla ya safari

Athumani mwanangu,

Utakaporudi kutoka Tengeru utaikuta barua hii juu ya kisanduku chako cha randa na patasi. Naiandika mchana, karakanani, na mlango uko wazi, maana habari zilizomo zimefichwa vya kutosha. Isome peke yako, uisome mpaka mwisho, kabla hujaja kunisalimu.

Mambo ya safari sitayataja. Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi na maji ya kunywa na namna ya kukaa katika nyumba ya watu. Kazi nimekufundisha kwa miaka sita, na kama hujui sasa kunoa patasi, karatasi haitakufundisha. Nina jambo moja tu.

Juma lililopita tulipokuwa tukipiga randa mbao za mlango, uliniuliza, "Baba, mafundi wote walioko Moshi, kwa nini unanipeleka kwa Mbaruku?" Nikakuambia, "Piga randa." Ukapiga. Baada ya kitambo ukasema polepole, bila kunitazama, "Huyo ndiye aliyemuua baba mdogo." Nikakuambia, "Nimesema piga randa." Wewe unaijua tabia yangu. Neno likinishinda, hutoa amri.

Sasa nakujibu. Mbaruku hakumuua baba yako mdogo. Shabani alikufa kwa kazi ya mikono yangu. Nilijua hivyo siku ile ile, nikanyamaza, na Mbaruku akapigwa kwa kosa langu. Yote uliyoyasikia katika nyumba hii juu ya mtu yule, tangu ulipokuwa na miaka minane, yalitoka kinywani mwangu au yalipita mbele yangu nisiyazuie.

Nakuambia leo, wala si mwaka mwingine, kwa sababu Mbaruku mwenyewe ametaka hivyo. Mwezi uliopita nilipokwenda Moshi, niliambiwa kwamba pale stesheni msimamizi wa mafundi wa magari ya mizigo anatafuta kijana mwenye mkono mzuri. Jina lake sikuambiwa. Nilimkuta amelala chini ya mkokoteni, akikagua ekseli. Akatoka, akajinyanyua kwa mikono miwili, kwanza magoti, kisha mgongo kidogo kidogo. Nikamtambua kwa namna alivyonyanyuka kabla sijauona uso wake.

"Fundi Juma," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nilizeeshwa. Wewe umezeeka mwenyewe."

Vijana wake walicheka. Hawakujua wanacheka nini. Nilitaka kugeuka, nirudi nilikotoka.

"Umekuja kutafuta nini?" aliniuliza.

"Kazi ya mwanangu."

"Yule aliyekuwa akipanda juu ya gari langu na kuwaita ng'ombe wangu kwa majina?"

"Ndiye."

Alikaa juu ya ringi la gurudumu. Kisha akasema, "Mlete. Nitamfundisha. Lakini aje akijua."

"Akijua nini?"

"Fundi, usinichoshe." Hakupandisha sauti. "Sitaki mtu atakayekula sahani moja nami huku moyoni ananiona muuaji. Siku ya kwanza nitamuuliza, baba yako alikuambia nini juu yangu. Akinijibu kama wanavyojibu watu wa Arusha, atarudi na gari lile lile litakalomleta."

Nimekaa na sharti hilo siku ishirini na sita. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila asubuhi nilikuamuru upige randa.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Nilikuja Arusha kutoka Tanga kwa kazi ya milango ya boma. Hapakuwa na fundi mwingine hapa aliyeweza kusoma mchoro wa Mzungu, wala aliyeweza kuandika vipimo vyake mwenyewe, nami sikumwacha mtu asahau hilo. Baada ya mwaka mmoja nilimwita Shabani aje anisaidie. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka tisa. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko wangu, lakini watu walimpenda, na kwa kucheka alijifunza Kimeru na Kimaasai kabla mimi sijajua kusalimu. Ni yeye aliyenitafutia mama yako. Hilo unalijua.

Ulipokaribia miaka minane, makaburu walikuwa wamekwisha kuanza kupitisha magari yao ya ng'ombe. Mmoja wao, mwenye gari alilokuwa akiliendesha Mbaruku, alinijia na shida. Gari la ng'ombe ni refu kwa magunia, lakini ni fupi kwa ngazi. Ngazi ya kujengea, ukiilaza ndani ya gari, nyuma inaburuta na mbele inawachoma ng'ombe wa karibu. Na ukishaiweka, gunia halina pa kukaa. Akaniuliza kama naweza kulifanya gari libebe vyote viwili.

Nilifikiri siku tatu, nikamjengea chanja juu ya gari. Nilisimamisha nguzo nne kwenye pembe, nikaziunganisha kwa miti ya kulala, mbele na nyuma na ubavuni, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Chini yakakaa magunia, juu zikalala ngazi, zikapita juu ya migongo ya ng'ombe bila kuwagusa. Watu walikuja kuitazama. Kaburu alizunguka gari mara mbili, akanipa mkono, jambo ambalo watu wake hawakuwa wakilifanya. Niliona kwamba nimefika.

Tatizo lilikuwa viungo. Misumari mikubwa na bolti zilikuja kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, na zote zilikuwa za boma. Ndipo Shabani akaniletea mzee mmoja wa Kiarusha kutoka Kisongo, Mzee Meliyo, aliyejua kufunga kwa ngozi mbichi. Alikata ngozi ya ng'ombe kwa kuizunguka, ukanda mmoja mrefu usiokatika, akaulowesha usiku kucha, akanionyesha namna ya kuuzungusha kwenye kiungo na kuuvuta kwa mguu. Tukaliacha gari juani siku mbili. Ngozi ikajikaza. Nilichukua nyundo nikaigonga, ikalia kama mti mkavu. Sijapata kuona bolti iliyobana namna ile.

Nilikuwa nakusanya vyombo vyangu Mzee Meliyo aliposema, "Bado."

"Bado nini?"

"Mafuta. Ya mkia wa kondoo. Ngozi ikinywa mafuta, hainywi maji."

Alikuwa amekuja nayo ndani ya kibuyu. Nikamuuliza, "Kondoo huyo alichinjwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi kwangu ni mzoga. Nikiyagusa hayo, sala yangu imeharibika."

Mzee akautazama ukanda wa ngozi uliobaki mkononi mwangu. Akasema, taratibu kabisa, "Na ng'ombe huyu, alichinjwa na nani?"

Shabani alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kaka, hapo umeshikwa." Nikamwambia anyamaze, nikamshukuru mzee kwa maneno machache, nikamfungulia mlango. Alikiacha kibuyu kizingitini. Baadaye nilikisukuma nje kwa mguu.

Mwanangu, usifikiri kwamba ni dini iliyonizuia. Dini ina maji kwa mtu aliyeshika najisi, ningenawa, nikasali. Ngozi ile nilikuwa nimeishika siku tatu bila kuuliza kisu cha nani kilimchinja ng'ombe. Lakini mtu aliyevaa ngozi begani, asiyejua alifu wala be, alikuwa akinifundisha kazi yangu mbele ya mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa akifurahi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Kama ningekuwa peke yangu na mzee yule, huenda ningeyapaka.

Chanja ilifanya kazi miezi mitano. Ilikuwa kiangazi, na gari lilikwenda upande wa Kisongo tu, kwenye vumbi, kuchukua miti na nyasi za kuezekea. Haikutikisika hata kidogo. Kila liliporudi niligonga viungo kwa nyundo mbele ya watu, nikamwambia Shabani, "Yuko wapi kondoo wako?" Naye akajibu, "Anakusubiri masika, kaka."

Masika yakaja. Mkulima mmoja wa Kizungu upande wa mto Usa aliagiza ngazi nane za mtarakwa kwa kujengea ghala. Siku ya kupakia, manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Mbaruku alizipanga ngazi juu ya chanja na kuzifunga kwa kamba zake mwenyewe, nne mbele, nne nyuma, kama alivyozoea. Mtu yule alikuwa mfungaji mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Alipomaliza aliutia mkono kwenye nguzo ya nyuma ya kushoto, akaisukuma.

"Fundi," alisema, "mguu huu unacheza."

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni kwangu. Sikuinuka. Nilimwambia, "Wewe endesha ng'ombe."

"Ninaendesha. Nasema unacheza."

"Mbaruku, siku utakayojenga chanja yako, nami nitakuja kukusukumia nguzo."

Wateja walicheka. Mbaruku alinyanyua mabega, akaenda kwa ng'ombe wake. Shabani, aliyekuwa anafuatana na gari ili azisimamishe ngazi kule kwa Mzungu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Tungoje kesho?" Nikamwambia kama anaogopa mvua abaki na wanawake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia ndugu yangu. Nimeyaandika ili uyajue yalivyo, maana kwa bibi yako nilisema kwamba nilimtakia safari njema.

Walilala Tengeru kwa wajomba zako, na mvua ilinyesha usiku wote. Asubuhi yake waliendelea. Habari ilinifikia adhuhuri, nikaenda kwa miguu, nikakimbia pale palipokimbilika.

Ilikuwa kwenye mteremko wa kushukia mtoni. Shabani alikuwa akitembea ubavuni, upande wa kushoto, akishika gogo la kuzuia gurudumu. Gari lilipoinama, chanja yote ililala upande wake. Haikuvunjika. Hakuna mti hata mmoja uliovunjika. Ililala tu, na ngazi nane zilikwenda nayo pamoja, zimefungwa vile vile, kama kitu kimoja.

Nilipofika, watu wa pale walikuwa wamekwisha kuzikata kamba ili wamtoe. Walikuwa wamemfunika kwa shuka. Mbaruku alikuwa amekaa kwenye tope, miguuni pake. Aliniambia, "Chanja ililala kwanza, Fundi. Kamba zangu zilikuwa zimeshika. Waulize hawa." Nikaenda kwenye gari, nikakigusa kiungo cha nyuma cha kushoto. Ngozi ilikuwa laini kama utumbo. Ningeweza kuifungua kwa vidole viwili. Vyote vilikuwa hivyo, viungo vyote.

Hapakuwa na kitanda cha kumbebea. Walimlaza juu ya ngazi moja kati ya zile nane, wakamfunga kwa vipande vya kamba vilivyobaki, wakamnyanyua watu sita. Mbaruku alikuwa mmoja wa wale sita, mbele, upande wa kulia, na alimbeba mpaka Arusha bila kupokewa. Wakaniambia, "Fundi, twende, huyu ni ndugu yako." Nikasema, "Tangulieni. Lazima niangalie mali ya Mzungu."

Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka. Niliwaita watu wawili waliokuwa wakipita, wakanisaidia kuinyanyua chanja, nikaisimamisha wima kama ilivyokuwa siku ya kwanza, nikaitegemeza kwa miti ili isirudi. Nilijiambia kwamba naisimamisha ili gari liweze kupita njiani. Lakini niliupima wima wake kwa uzi, Athumani. Mtu anayetaka gari lipite tu hapimi kwa uzi.

Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kumuosha. Waliningojea kwa sala tu. Mama yako alinitazama, akaona tope mpaka mabegani, akadhani ni tope la kumtoa Shabani. Akaninawisha mwenyewe. Sikumwambia.

Gari lilisimama uani mwa boma, juani, siku mbili. Siku ya tatu tuliitwa. Bwana mkubwa aliigonga chanja kwa fimbo yake, kiungo kwa kiungo. Ikalia kavu. Akaishika nguzo ya nyuma ya kushoto, akaitikisa kwa nguvu zake zote, na gari zima likatikisika pamoja nayo. Akasema na karani, na karani akaniuliza, "Chanja hii ina kasoro?"

"Haina, bwana."

"Basi ni kamba?"

Nilisema, "Huenda ni kamba." Kwa miaka mingi nililishika neno lile "huenda" kama mtu anayeshika cheti. Nilisema sikumshtaki mtu, nilisema huenda.

Mbaruku akaulizwa. Akasema, "Ngozi ilikuwa imelowa, bwana. Sasa imekauka. Imwagieni maji, mtaona." Karani alitafsiri, lakini aliongeza ya kwake, maana askari waliosimama karibu walianza kucheka kabla hajamaliza. Mmoja akasema, "Kumbe ngozi ina akili, inalegea ikiwa safarini na kujikaza ikifika kwa bwana." Bwana mkubwa naye akacheka. Mimi peke yangu katika ua ule nilijua kwamba ndoo moja ya maji ingetosha. Kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka niliposimama.

Mzee Meliyo alikuwa nje ya uzio na watu wengine waliokuja kutazama. Hakuulizwa, wala hawakuitwa watu wa Usa walioziona kamba, na mimi sikusema waulizwe.

Mbaruku alipewa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Walimlaza juu ya meza niliyoitengeneza mimi kwa ajili ya ghala ya boma, na aliinuka juu yake vile vile kama nilivyomwona akiinuka Moshi. Kaburu alimfukuza siku ile ile, na watu wa Arusha wakamaliza kazi iliyobaki. Ilikuwa akipita, wanawake huwavuta watoto wao. Nawe ulivutwa. Ulikuwa ukimlilia, unataka kwenda kuwaita ng'ombe, na nikakuambia mbele ya watu, "Huyo ndiye aliyemuua baba yako mdogo." Ulinyamaza mara moja. Tangu siku hiyo hukulitaja tena jina la ng'ombe yeyote. Kabla ya mwezi kwisha Mbaruku alihama.

Chanja zote nilizojenga baadaye nilizipaka mafuta. Nilikwenda mwenyewe Kisongo kuyanunua, na Mzee Meliyo aliniuzia bila neno. Hakunipa salamu, wala hakunipa kiti, mpaka alipokufa. Wewe ulikuwa ukinishikia bakuli, na mara moja uliniuliza kwa nini baba huwa hasemi siku za kupaka. Nikakuambia ushike bakuli vizuri.

Sina fundisho la kukupa kutokana na haya. Nimelitafuta, kwa sababu baba anayeandika barua anatakiwa awe nalo, lakini kila ninaloliandika linakuwa zuri kuliko mimi. Ninaloweza kukuambia ni jinsi ilivyo kukaa nalo. Kosa la kwanza, la mafuta, lilichukua muda wa kusema neno moja. La pili, la kunyamaza, lilitaka kazi kila siku. Niliacha kukaa barazani mvua ilipokuwa ikinyesha, nikiogopa mtu atasema habari za ngozi. Nilimfukuza kijana mmoja mzuri wa kazi kwa sababu aliniuliza mara mbili kwa nini ngozi inapakwa. Nimekuwa mkali, nawe umeuona ukali huo, na watu wanasema Fundi Juma ni mtu wa haki, hapendi mchezo. Wanakosea.

Juma lililopita nilikwenda bomani. Bwana mkubwa wa siku zile amekwisha kurudi kwao, lakini karani ni yule yule. Nikamwambia nimekuja kusema kweli juu ya kifo cha ndugu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchonga kalamu yake.

"Mzee," alisema, "sasa unataka nini? Niandike kwamba serikali ilikosea?"

"Andika kwamba nilisema uongo."

"Nikiandika, utapigwa wewe. Yule atapata nini? Viboko havirudishwi kama nguo dukani." Kisha akasema, "Nenda zako. Na usije ukasema haya kwa bwana huyu mpya, maana hana subira kama wa kwanza."

Nikaenda zangu. Nakiri kwamba niliporudi njiani nilisikia raha kidogo, na raha ile ilinitia haya kuliko uongo wenyewe.

Leo asubuhi, ulipokwisha kuondoka, nimemwambia mama yako. Alikuwa akimenya ndizi. Hakuacha kumenya. Alimaliza mkungu mzima, akanawa mikono, ndipo akasema, "Nilikunawisha tope lile."

"Ndiyo."

"Na mamako?"

Hilo ndilo swali lake la pekee. Wewe unaijua maana yake. Bibi yako huko Tanga, kila Ijumaa baada ya sala, humwapiza Mbaruku kwa jina lake na jina la mama yake. Ulipokuwa kwake mwaka ule ulimsikia, ukaniambia ulipokuja kwamba nawe huitikia amina. Ni mkongwe sasa, na hakuna aliyemwambia kwamba miaka yote hii anamwomba Mungu amharibu mtu aliyembeba mwanawe mabegani mwake toka Usa mpaka Arusha. Nilimjibu mama yako kwamba sijui. Akasema, "Unajua." Akaingia ndani. Hajasema nami tena tangu wakati huo, na chakula nimekula peke yangu.

Basi mashauri niliyoyakata ni haya.

Kesho wewe nenda Moshi. Mbaruku atakapokuuliza baba yako alikuambia nini, mwambie yote, kwa mdomo wako. Yeye hajui kusoma, na sitaki umsomee karatasi. Usinitetee. Usiseme baba alikuwa kijana; nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, maana huo si wako kuuomba. Na kama yeye atakutolea neno la ukali ambalo ni langu, siwezi kukuambia ulivumilie. Utapima mwenyewe.

Na kama baada ya kuisoma barua hii utaona huwezi kukaa katika nyumba ile, au huwezi kukaa katika nyumba yangu, una mikono miwili yenye kazi, na hakuna mji usiohitaji milango. Hilo nimekupa, nalo ni halali, halikutokana na uongo wowote.

Mimi nitaondoka Arusha mwezi utakapoandama. Nakwenda Tanga kwa mama yangu. Sitamwandikia, kwa sababu barua atasomewa na mtu mwingine, na neno hili lazima alisikie kutoka kwangu, akiniona uso. Yawezekana atanifukuza. Yawezekana atalichukua jina langu na kuliweka mahali pa lile jingine katika dua yake ya Ijumaa, na wewe, ukiwako, utaitikia au hutaitikia.

Gari la moshi linaanzia hapo Moshi, hivyo sina budi kupita. Sitaingia nyumbani kwa Mbaruku, wala sitatuma mtu akuite. Nitafika stesheni mapema, nikae kwenye benchi la nje, upande wa barabara, ambapo kila mtu anayetoka kazini lazima apite. Ukija, tutasalimiana. Usipokuja, nitajua kwamba umeniona, nami nitapanda.

Baba yako mzazi,
Juma